Kununua dawa Kigoma mjini: kaunta tatu, njia tatu

Kati ya soko la Mwanga na Ujiji, mtu mwenye homa anaweza kununua dozi ya mseto, dawa ya malaria, sehemu tatu: famasi ya barabara kuu, duka la dawa muhimu la mtaani kwake, na meza ya mchuuzi siku ya gulio. Bei ni tatu. Vidonge ukivimimina kiganjani ni vilevile, vidogo vya manjano, 24 kwa mtu mzima. Anayelipa zaidi analipia nini basi? Analipia njia: nani aliingiza mzigo, nani aliusajili, ulilala wapi, na nani aliweka sahihi kila ulipotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Tathmini hii inazipima kaunta hizo tatu kwa njia hiyo, maana biashara haramu ya dawa, iwe ya heroini au ya vidonge bandia, faida yake inapatikana njiani.

Majina ya maduka hayatatajwa. Inayopimwa ni aina ya huduma, na yaliyotazamwa ni manne: mtoa dawa anauliza nini kabla hajafungua kabati, dawa zinakaa kwenye joto na mwanga wa namna gani, karatasi zipo au hazipo, na kaunta inakataa kuuza nini. Hilo la mwisho lina uzito kuliko yote matatu ya kwanza.

Famasi ya barabara kuu

Leseni ya Baraza la Famasi imetundikwa ukutani ikiwa na jina la mfamasia msimamizi. Kipimajoto kidogo kinaning'inia kwenye rafu, na karibu yake ipo karatasi ya kuandika joto asubuhi na jioni. Msiichukulie kama urembo. Pakiti nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, na mchana wa Septemba chumba cha bati kisicho na dari kinavuka hapo mapema kabisa. Insulini iko kwenye friji yake, nyuzi 2 hadi 8, na ndani ya friji hiyo hakuna soda. Friji ambayo mlango wake unafunguliwa kila dakika kutoa Fanta haiwezi kutunza nyuzi hizo, hata kama umeme haujakatika siku nzima.

Nyuma ya mfamasia kuna kabati dogo lenye kufuli. Watu wa afya bado wanaliita kabati la DDA, jina lililobaki kutoka kwenye sheria ya zamani ya dawa za hatari. Humo zinakaa zile ambazo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inaziita dawa tiba zenye asili ya kulevya: diazepamu, fenobabito, kodeini, na kwa hospitali kubwa pethidini na mofini. Ufunguo unashikwa na mtu mmoja kwa zamu. Juu ya kabati lipo daftari, na mstari wake mmoja unasomeka hivi: tarehe, jina la mgonjwa, jina la daktari na kituo chake, vilivyotoka 10, salio 190, sahihi. Mkaguzi akifika hana haja ya maswali mengi. Anafungua kabati, anahesabu, analinganisha na salio. Vikiwa 184, kuna mtu wa kueleza sita vilikokwenda.

Mzee anaingia, anaegemea kaunta. "Mwanangu, nipe vinne tu vya usingizi, leo nilale."

"Shikamoo, baba. Hivyo bila cheti siwezi kukupa. Nenda hospitali ya Maweni au zahanati iliyo karibu, ukirudi na cheti nakuhudumia hapohapo."

"Vinne tu?"

"Hata kimoja, baba. Kila kimoja kimeandikwa."

Mzee anatoka amenuna, na duka limekosa hela. Pamoja na hayo, huyo ndiye mtoa dawa wa kumrudia, kwa sababu anayelinda vidonge vinne kwa namna hiyo, hata mseto wake ametazama umetoka wapi.

Kasoro zipo. Bei iko juu, na mara nyingi unapewa kwanza dawa yenye jina kubwa la kampuni wakati ipo ya kawaida yenye kiambato kilekile na nguvu ileile, kwa hela pungufu. Uliza kwa jina la kiambato, siyo jina la boksi. Jioni mfamasia akiondoka anabaki kijana wa kaunta, na ubora wa majibu unashuka palepale. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hutolewa ukiomba, ilhali ingepaswa kutoka yenyewe. Nyota nne kati ya tano.

Kufuli lile linazuia nini hasa

Hapa inabidi kutulia kidogo, kwa sababu watu wengi wanadhani kufuli lipo kumsumbua mgonjwa.

Mofini na heroini zinatoka kwenye mmea mmoja, mpopi. Heroini ni mofini iliyobadilishwa kwa kemia, na kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliiuza kihalali kama dawa ya kikohozi kuanzia mwaka 1898. Leo mpopi wa kihalali unalimwa kisiwa cha Tasmania huko Australia, India, Uturuki, Ufaransa na Hispania. Chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya, kila nchi inapeleka makadirio ya mahitaji yake ya mwaka kwa bodi ya kimataifa iliyoko Vienna, na kila mzigo unasafiri na vibali viwili, cha nchi inayotoa na cha nchi inayopokea. Ukipita njia hiyo yenye karatasi nyingi, mofini inatoka rahisi ajabu: unga unayeyushwa kwenye maji, unawekwa kwenye chupa, na mgonjwa wa saratani anapata nafuu ya maumivu kwa gharama ndogo.

Mmea uleule ukipita njia nyingine, kutoka mashamba ya Afghanistan hadi pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, ukapakiwa kwenye jahazi na kuvuka Bahari ya Hindi kuja pwani yetu, bei inapanda mara nyingi sana. Mkulima wa kasumba, yaani utomvu wa mpopi, anapata karibu shilingi moja tu katika kila mia anayolipa mtumiaji wa mwisho kule Ulaya. Zile tisini na tisa zinazobaki zimekwenda wapi? Kulima hakujaongezeka, na nauli ya kilo moja kwenye jahazi haiwezi kufika huko. Ni malipo ya hatari. Kila mkono unaopokea mzigo unadai fidia ya kifungo ambacho unaweza kukipata, ya rushwa iliyolipwa, ya mwenzake aliyekamatwa, na ya mzigo uliozama au ulioporwa na mwizi ambaye huwezi kumshitaki polisi. Katika biashara hii hakuna mkataba wala mahakama, na kukosekana kwa mahakama ni gharama.

Ndiyo maana taarifa za kukamatwa kwa mizigo zinapaswa kusomwa kwa makini. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini baharini upande wa Kenya. Desemba 2023 Mamlaka yetu ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa. Ni kazi kubwa, na kila kilo iliyozuiwa ina watu nyuma yake. Lakini thamani ya mtaani inayotajwa magazetini haikuwa hasara ya mwenye mzigo. Yeye anaufidia kwa kununua mwingine kwa bei ya kule mzigo ulikotoka, iliyo sehemu ndogo ya bei ya mtaani. Kilo iliyokamatwa karibu na shamba inamuuma kidogo. Kilo ileile ikikamatwa imekaribia kwa mtumiaji, imeshabeba rushwa, nauli na fidia zote, na hapo ndipo maumivu yapo. Msafirishaji mkubwa anaingiza hasara hiyo kwenye bei kabla jahazi halijang'oa nanga, kama muuza nyanya wa Kasulu anavyopiga hesabu ya zile zitakazopondeka njiani.

Na uhaba nao una wanaonufaika. Aprili 2022 watawala wa Afghanistan walipiga marufuku kilimo cha mpopi. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, eneo lililolimwa lilikuwa hekta 233,000 mwaka 2022 na likashuka hadi hekta 10,800 mwaka 2023, pungufu kwa asilimia 95. Mkulima mdogo aliyeuza mavuno yake mapema hakupata kitu katika kupanda kwa bei kulikofuata. Waliopata ni wale waliokuwa na kasumba ghalani, kwa sababu kasumba ikikaushwa vizuri inakaa miaka.

Turudi kwenye kabati la DDA. Vidonge vilivyomo viliingia nchini kwa bei ya njia halali, bei ndogo. Vikitoka bila cheti vinauzwa kwa bei ya njia haramu. Tofauti yote inabaki mfukoni mwa aliyefungua kufuli, na yeye hakuhitaji jahazi, wala mabaharia, wala kuhonga bandari. Kwa hesabu ya faida na hatari, mlango huo ni mtamu kuliko bahari. Wakaguzi wanajua dalili zake: salio lililofutwa kwa wino mweupe, vidonge vilivyoandikwa "vimevunjika" bila shahidi, vyeti kumi vya daktari tofauti lakini mwandiko mmoja. Famasi yenye daftari safi imefunga mlango ambao meli ya kivita haiwezi kuufunga.

Tramadoli, dawa ya maumivu yenye kulevya, ina kisa chake. Haimo kwenye orodha za mikataba ya kimataifa, kwa hiyo ule utaratibu wa vibali viwili hauilazimishi kila nchi. India, mtengenezaji mkubwa, iliiweka chini ya sheria yake ya dawa za kulevya mwaka 2018, baada ya mizigo mingi kuwa imeshafurika Afrika Magharibi na Kaskazini. Kaunta yoyote ya Kigoma inayokupa tramadoli kwa kuomba tu, bila cheti, imejieleza yenyewe.

Duka la dawa muhimu la mtaani

Mpango wa maduka haya ulianza Ruvuma mwaka 2003, kuchukua nafasi ya yale ya dawa baridi yaliyokuwa yakiuza chochote kilichopatikana. Mtoa dawa anapewa mafunzo maalumu, duka linapewa orodha ya dawa linazoruhusiwa, na antibiotiki chache za kawaida zimo. Kwa Mwanga, Gungu na Ujiji, hii ndiyo kaunta ya watu: iko hatua chache kutoka nyumbani, haifungwi mpaka usiku, na mama anayefahamika anakopeshwa.

Aliye bora kati yao anafanya mambo matatu ambayo hata famasi nyingine inayasahau. La kwanza, kwa homa anakuuliza kama umepima. Kama hujapima anakuelekeza zahanati kabla ya kupokea hela yako. La pili, kwa mtoto anauliza kilo, haulizi umri peke yake. Mseto unakwenda kwa uzito: kilo 5 hadi 14 ni vidonge 6 kwa dozi nzima, 15 hadi 24 ni vidonge 12, 25 hadi 34 ni vidonge 18, na 35 kwenda juu ni vidonge 24. Mtu mzima anameza vinne, baada ya saa 8 vinne tena, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. La tatu, anakwambia umeze na chakula chenye mafuta. Lumefantrini, kiambato cha pili cha mseto, inahitaji mafuta ili iingie mwilini vizuri, na Kigoma hatuna shida hapo: ugali na mgebuka uliopikwa kwa mawese unatosha kabisa. Anayemeza mseto kwa chai ya rangi amelipia dawa nzima akapata sehemu yake.

Kasoro zake ni za kila siku. Dawa zinapangwa dirishani zivutie wapita njia, na jua la alasiri kutoka upande wa ziwa linazipiga moja kwa moja. Kopo la vidonge 1,000 linafunguliwa asubuhi, linakaa wazi, unyevu unaingia. Vidonge vinabadilika rangi au vinamung'unyika pembeni. Kifuko cha karatasi kinatoka bila jina la dawa, kina mistari ya kalamu tu, 2x3, na mgonjwa akifika hospitali na tumbo linalouma hakuna anayejua alikuwa anameza nini.

Kasoro iliyo kubwa ni kuuza nusu dozi. Mteja ana hela ya nusu, muuzaji anakata pakiti katikati, anatoa vidonge 12, vingine anamwekea mteja anayefuata. Kwa muuzaji, mzunguko wa hela unakwenda haraka na hakuna mteja anayepotea. Kwa mgonjwa, homa inashuka siku ya pili, vimelea vinabaki, na wiki tatu baadaye anarudi kununua tena. Kwa nchi nzima hasara ni nzito zaidi: vimelea vyenye mabadiliko yanayopunguza nguvu ya artemisinini, asili ya kiambato cha kwanza cha mseto, vimeshaonekana Rwanda, Uganda, na hapa kwetu mkoani Kagera, jirani wa kaskazini. Vimelea vilivyoonja dawa nusu ndivyo vinavyojifunza kuishi nayo. Muuzaji anayekataa kukata pakiti anastahili kusifiwa mtaa mzima, na akikosa wateja wa nusu dozi, majirani wamuungishe kwa mengine.

Jambo la kuangalia: diazepamu na tramadoli hazimo kwenye orodha ya maduka haya. Kama zipo kwenye droo ya chini, duka hilo lina msambazaji wa pili asiyeandikwa popote, na mzigo wa msambazaji huyo hauishii kwenye droo. Utakuta na mseto wake, na amoksilini yake, vimepanda rafuni pamoja na vile vya halali. Nyota tatu kwa wastani. Yaliyo mazuri yanafika nne na nusu, na yenye droo hayapati hata moja.

Meza ya gulio na begi la mchuuzi

Hii haipati nyota. Inastahili hata hivyo kuelezwa vizuri, kwa sababu wanaonunua pale hawakosi akili. Wanakosa hela, na wako mbali na kaunta nyingine.

Anayetengeneza dawa bandia anachagua bidhaa kwa hesabu. Anataka dawa inayonunuliwa na watu wengi, kila wiki, iliyo nyepesi kubeba, na ambayo mnunuzi hawezi kuipima mwenyewe. Dawa za malaria na antibiotiki zinatimiza yote, na ndizo zinazotajwa sana katika taarifa zinazolifikia Shirika la Afya Duniani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta Kigoma ikiongoza nchini kwa maambukizi ya malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano, asilimia 24. Ule wa mwaka 2022 ukaikuta Tabora juu, asilimia 23. Kwa mtengeneza bandia, huu ukanda wa reli ya kati ni soko kubwa.

Lakini kuna jambo moja zaidi, na ndilo linaloifanya biashara hii idumu. Nguo mbovu ikipasuka, mteja anarudi kugomba. Dawa mbovu hairudishwi. Watu wengi wanaomeza mseto bila kupima hawana malaria. Wana mafua, au homa nyingine inayoisha yenyewe kwa siku tatu. Wanapona, wanaisifu meza ya gulio, wanawatuma majirani. Yule ambaye alikuwa na malaria kweli anazidiwa, na familia inasema ugonjwa ulikuwa mzito au kuna mkono wa mtu. Soko linalomlipa mwongo sifa za wale waliopona wenyewe, bila kumdai kwa ajili ya waliozidiwa, haliwezi kujisafisha. Ndiyo maana karatasi na ukaguzi vinahitajika. Mjanja zaidi anaongeza parasetamoli kwenye kidonge chake bandia: homa inashuka, mteja anaridhika, vimelea vinaendelea na kazi.

Gharama za mtu huyu ziko wapi? Unga wa ndani ni wa bei ndogo, chokaa au wanga wa mahindi. Kinachogharimu ni boksi: uchapishaji, karatasi ya fedha, nembo. Kwa hiyo hela yake yote imewekwa pale macho yako yanapotazama. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja kati ya kumi za tiba ni duni au bandia. Na soko hili linaitikia haraka kuliko serikali yoyote: janga la korona lilipozuka na habari za klorokwini kuenea, kufikia Aprili 2020 shirika hilo lilikuwa limeshatoa tahadhari kuhusu klorokwini bandia barani Afrika, Kongo ikiwemo.

Kongo ni ng'ambo ya ziwa tu, kwa hiyo tukio lifuatalo likae kichwani. Kati ya mwisho wa mwaka 2014 na Agosti 2015, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, watu zaidi ya 1,000 walifika vituo vya afya shingo zikiwa zimekakamaa, ulimi umetoka nje, macho yamegeukia juu. Kwanza ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Uchunguzi ukaonesha kwamba walikuwa wamepewa vidonge vya manjano kutoka makopo yaliyoandikwa diazepamu. Ndani hakukuwa na diazepamu. Kulikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, kwa kipimo kikubwa. Hao hawakuwa watu wanaotafuta kulewa. Wengi walikuwa wagonjwa wa kawaida, watoto wakiwemo, waliopewa kidonge kwa homa au maumivu. Dawa iliyopaswa kutoka kwenye kabati lenye kufuli na daftari ilikuwa inauzwa kama karanga, na hapo hapakuwa na mtu wa kuuliza kopo limetoka wapi.

Kuna mzigo wa aina ya pili kwenye meza hizo, nao ni wa kweli kabisa: dawa ya serikali. Pakiti imeandikwa MSD, yaani Bohari ya Dawa ya serikali, au kidonge chenyewe kina herufi GOT. Mchuuzi anaweza kuiuza kwa bei ya chini kuliko duka lolote kwa sababu yeye, au aliyempa, hakuinunua. Kila pakiti ya namna hiyo ni mgonjwa mmoja aliyekwenda zahanati akaambiwa dawa zimeisha, kisha akatoka hapo na kwenda kuinunua gulioni dawa ambayo kodi yake ilishailipia. Wala usijipe moyo kwamba angalau ni halisi: imeshinda juani kwenye begi tangu asubuhi, na hakuna anayejua ilikaa wapi wiki nzima kabla ya hapo.

Kuikagua pakiti kabla ya kulipa

Haichukui dakika mbili, na ufanye hivyo hata famasini. Anza na namba ya usajili ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwenye boksi: herufi TAN, tarakimu mbili za mwaka, HM kwa dawa za binadamu, kisha namba. Halafu soma namba ya toleo, yaani bachi, na tarehe ya kuisha kwenye boksi, kisha zisome tena kwenye karatasi ya vidonge iliyomo ndani. Lazima zilingane. Hapa ndipo bandia nyingi zinaanguka, kwa sababu maboksi yanachapwa mahali pamoja na vidonge vinatoka mahali pengine. Pitisha kidole juu ya tarehe. Iliyogongwa juu ya nyingine utaihisi au utaiona ukiinamisha boksi kwenye mwanga. Tazama tahajia ya jina la kiambato na la kiwanda. Fungua karatasi ya maelezo: iwe na lugha inayoeleweka, siyo fotokopi iliyofifia. Mwisho tazama vidonge: rangi moja, kingo nzima, hakuna unga uliomwagika ndani ya vijumba vya karatasi yake.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Bandia iliyochapwa vizuri itapita macho yako yote, na dawa halisi iliyoungua kwa joto itaonekana mpya. Kinachobaki ni risiti. Muuzaji aliyekuandikia risiti yenye jina la dawa na namba ya bachi amejifunga, kwa sababu likitokea jambo, njia inarudi mpaka kwake na kwa aliyemuuzia. Anayekataa kuiandika anajua kwa nini anakataa.

Ukishuku dawa, acha kuimeza na umwone mtaalamu wa kituo cha afya kwa dawa mbadala. Dozi ya malaria haipaswi kukatika hivihivi. Piga TMDA, 0800110084, simu ni bure. Kama ulichouziwa ni dawa ya kabati la DDA bila cheti, namba ya Mamlaka ni 119, nayo ni bure. Kwa simu zote mbili utaulizwa mambo yaleyale: jina la dawa, bachi, tarehe ya kuisha, ulinunua wapi na lini. Kwa hiyo usitupe boksi, na vidonge vilivyobaki viache kwenye karatasi yake, bila kuvihamishia kwenye kifuko, mpaka mkaguzi avichukue.